Vipimo vya maji ya tangi la samaki: mimi naanza na kadi ya rangi

Nilipima usiku, chini ya balbu ya sebuleni yenye mwanga wa manjano. Kityubu chenye maji na matone ya kemikali kilitoa manjano, na kwenye kadi ya kulinganishia rangi manjano ni sifuri ya amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, basi nikalala roho kwatu. Asubuhi guppy wanne, vile visamaki vidogo vya mapambo, walikuwa wamejazana juu, wanahema kama waliokimbizwa. Nikapima tena, safari hii dirishani. Kijani. Sikuamini, nikakibeba kityubu kile kile hadi chumba cha ndani kisicho na dirisha, nikawasha balbu ya aina ile ile ya sebuleni. Manjano!

Samaki wawili walikufa siku hiyo. Seti yenyewe sitaitaja jina. Ilikuwa na chupa nyingi, sanduku zuri, na kadi ya karatasi inayong'aa ambayo ukiinamisha kidogo tu rangi zote zinageuka kuwa kioo.

Tangu niandike habari ya wale guppy, swali ninaloulizwa na wasomaji ni moja: seti ipi ina vipimo vingi zaidi? Mimi hilo silijali hata kidogo. Kwa tangi la nyumbani la maji yasiyo ya chumvi unahitaji amonia, nitriti na nitrati (ambazo amonia hugeuka kuwa), pH (uchachu wa maji) na KH (ugumu wa kaboneti, unaoizuia pH isiyumbe). Kinachonikera ni kwamba tunalinganisha idadi ya chupa na idadi ya matone, halafu hakuna anayeuliza: hiyo rangi nitaisomaje? Kemikali inaweza kuwa sahihi kabisa, jicho likakudanganya.

Na hatua za kwanza za rangi kwenye kadi ya amonia ndizo zenye hatari. Katika maji ya pH 7 na nyuzijoto 25, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki hata asilimia 1. Pandisha pH hadi 8, inakuwa kama asilimia 5. Kwa hiyo 1 (miligramu kwa lita) kwenye kadi yangu na 1 kwenye kadi yako si balaa la aina moja, na mwenye maji ya pH ya juu hana ruhusa ya kukosea kati ya sifuri na kijani hafifu. Tangi jipya ndilo baya zaidi, maana bakteria wa kula amonia na nitriti huchukua wiki nne hadi sita hivi kujijenga, na wiki hizo zote unaishi kwa kutazama kadi.

Sasa, kwenye seti za vipimo namba moja kwangu ni JBL, kampuni ya vifaa vya matangi ya samaki, si ile ya spika. Sijalipwa na mtu. Napendelea tu, na nasema wazi. Vipimo vyao vya rangi vinakuja na kibao chenye matundu mawili. Tyubu moja unatia maji ya tangi matupu, nyingine maji pamoja na kemikali, kisha unakitelezesha kibao juu ya kadi huku ukitazama kutoka juu. Ile ya maji matupu inakaa juu ya rangi za kadi. Ujanja wake ni huu: kama una gogo ndani ya tangi na maji yamekuwa kama chai ya rangi, uchai huo uko pande zote mbili, kwa hiyo unalinganisha kemikali peke yake. Kwa kadi ya kawaida, uchai huo unaweza kumpa mwenye gogo namba isiyo ya kweli. Nimemaliza mwaka wa pili na kibao hiki na sioni pa kwenda. Mwanga mweupe bado unauhitaji, hilo halina mjadala.

Namba mbili, API Freshwater Master Kit, ile ambayo kila mtu anayo. Chupa zake zinadumu, maelezo yanaeleweka. Ugomvi wangu ni nitrati: toka 40 kwenda 80 ni wekundu kwa wekundu, na hapo hapo ndipo unapotaka kujua kama ubadilishe maji leo au Jumamosi. Halafu ile chupa ya pili ya nitrati lazima uitikise nusu dakika nzima kabla ya kudondosha, na kityubu ukitikise dakika nyingine. Ukivivia, kilichotuama chini kinabaki chini na utasoma nitrati ya uongo, ndogo kuliko iliyopo. KH haimo ndani ya sanduku, inunue pembeni. Tena KH ndiyo kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakitaki kadi: unahesabu matone mpaka bluu igeuke manjano, tone moja nyuzi moja. Laiti amonia ingepimwa hivyo.

Mashine ndogo za Hanna Checker zinasoma rangi zenyewe na kukupa namba. Kwa asiyetofautisha kijani na nyekundu vizuri, na watu hao ni wengi, ningeziweka juu hata ya JBL. Lakini kila kimashine kinapima kitu kimoja, kemikali zake zinaisha, na alama ya kidole kwenye kioo inatosha kuharibu namba. Futa kioo kila mara.

Vikaratasi vya kuchovya? Vingi vya mchanganyiko havina amonia kabisa. Soma boksi. JBL ProScan inasomwa na kamera ya simu, jambo zuri kwa macho yangu, ila nayo amonia haimo. Nimemaliza.

Wauzaji nao wana lao. Wanakuuzia tangi na samaki siku moja, wiki ya pili unarudi na maji meupe kama maziwa, wanakuuzia chupa ya kuyasafisha, ya tatu chupa ya kushusha pH. Seti ya vipimo wanaitoa mwisho, tena imekaa rafu ya dirishani jua linaichoma, tarehe imefichwa kwenye namba ya toleo isiyosomeka. Niliwahi kuuziwa chupa za kujazia bila kadi. “Kadi si unayo ya zamani?” Ya zamani ni ya kampuni nyingine, kaka.

Na kuna lile la kupimiwa bure dukani. Nilipeleka maji yangu ndani ya chupa, wiki ile ile ya wale guppy. Kijana akadondosha matone, akainua kityubu kwenye taa za matangi, zile za bluu na zambarau zinazofanya samaki wang'ae, akakitazama kwa sekunde mbili hivi.

“Maji safi, dada.”

Nikamuuliza safi ni ngapi.

“Safi tu.”

Kadi ilikuwa bado ndani ya sanduku.