Siti ya baiskeli isiyokutia ganzi: nimekalia tatu, nawaambia nilichokiona

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunaongelea kitu ambacho watu wanaona aibu kukisema, kufa ganzi huku chini. Unanyonga baiskeli nusu saa, unashuka, unakuta msamba wote hauna hisia, kama mguu ulioukalia vibaya, afu zinaanza zile sindano sindano. Wengi wanajiambia ndo baiskeli ilivyo, mwili utazoea. Hapana jamani. Makalio kuuma siku za mwanzo sawa, hayo yanazoea, ila ganzi sio kitu cha kuzoea, ganzi maana yake mshipa wa fahamu umebanwa na damu haipiti vizuri, na hii inawapata wanaume na wanawake, msidhani ni ya upande mmoja.

Hapa mezani nina siti tatu. Hii nene ya jeli, hii ya ngozi, na hii fupi yenye uwazi katikati. Zote nimezifunga kwenye baiskeli ileile, bomba la siti lilelile, njia zilezile, kila moja sio chini ya wiki tatu, ya ngozi ndo nilikaa nayo zaidi na mtaona kwanini. Hii ya jeli na hii fupi sitawatajia kampuni, kwasababu siti iliyonikaa mimi inaweza kukutesa wewe, na nataka utoke hapa unajua namna ya kuchagua, sio jina la kwenda kununua.

Tuanze na nene maana ndo kila mtu anaikimbilia. Unaibonyeza na kidole gumba, ona kinavyozama, unasema aah hapa nimefika. Sasa tazameni vizuri, nabonyeza kwa vidole gumba viwili kwa pamoja, kimoja huku kimoja huku, kama mifupa ya makalio inavyobonyeza ukikaa. Mnaona hapa katikati? Imevimba. Ile jeli imekimbia nilipobonyeza ikaja kujaa katikati, na katikati ndo msamba wako ulipo, yaani ulaini uliolipia ndo unakuja kukubana palepale ulipokuwa unapakimbia. Dakika kumi za mwanzo unaona raha kweli, kufika dakika ya arobaini mimi nilikuwa nasimama kwenye pedali kila mara kutafuta hewa. Kwa mtu anayekaa wima, anaenda taratibu, safari fupi, haina neno, atafurahi nayo. Safari ndefu hapana.

Sasa kabla sijaenda kwenye ya pili, mifupa. Kaa kwenye kiti kigumu, pitisha viganja chini ya makalio, jitikise kidogo. Utaisikia miwili, migumu kama vifundo. Hiyo ndo imeumbwa kubeba uzito wako ukikaa, na kazi yote ya siti ni kuishika hiyo miwili na kuacha nyama laini ya katikati ipumue. Basi. Kwa hiyo swali la kwanza sio siti laini kiasi gani, ni pana kiasi gani, na upana unategemea hiyo mifupa yako imeachana vipi. Na usiangalie ukubwa wa makalio, nawaomba, mtu mwembamba anaweza kuwa na mifupa iliyoachana sana na mnene ikawa imekaribiana, kwa macho hujui. Wanawake kwa wastani imeachana zaidi ila wapo wengi tu wanaowiana na wanaume, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia imeandikwa ya kike au ya kiume, pima.

Kupima ni rahisi mno. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, liweke juu ya ngazi ya sementi au stuli ngumu, sio kochi. Vaa nguo nyepesi, kaa juu yake, miguu iwe juu ya kitu ili magoti yapande kidogo, inama mbele kama umeshika usukani, hesabu dakika moja, inuka bila kujiburuza. Hili hapa la kwangu, nalisogeza karibu na kamera, mnaona vishimo viwili? Kama havionekani laza chaki upande upande uipitishe juu ya boksi, vishimo vitabaki bila rangi. Pima kutoka katikati ya kishimo hiki mpaka katikati ya hiki. Mimi ni milimita 120. Hapo ongeza kama 20 mpaka 30, kwa sababu mifupa inatakiwa ikae ndani ya siti sio kwenye ukingo, ukikaa wima unaongeza zaidi, ukilala sana mbele unaongeza kidogo. Siti nyingi nzuri zimeandikwa upana wake chini, utaona namba kama 143 au 155, igeuze tu uangalie.

Haya, ya ngozi. Hii ni Brooks, kampuni ya Uingereza iliyoanza Birmingham mwaka 1866 ikitengeneza vitu vya ngozi vya farasi, hataza (hati ya ubunifu) ya siti yao ya baiskeli ni ya 1882. Hakuna sponji humu hata kidogo, ni ngozi nene imevutwa kati ya vyuma viwili, ngumu kama ubao siku ya kwanza, gonga usikie. Wiki mbili za mwanzo nilitaka kuivua. Nikavumilia, na ilipofika kilomita kama mia nne hivi nikaanza kuisahau, na siti nzuri ndo hiyo, unayoisahau. Angalieni hapa, na hapa, vidimbwi viwili, hiyo ni mifupa yangu imejichora yenyewe kwenye ngozi. Ila inataka matunzo: ikilowa chepechepe inalegea, upake mafuta yake hasa upande wa chini, uwe na kifuniko cha mvua, na hii bolti ya chini ya pua, yaani ile ncha ya mbele ya siti, ni ya kukaza ngozi ikilegea, robo mzunguko tu usizidishe. Na ni nzito. Ganzi ilipungua sana lakini nikiinama mbele muda mrefu bado naisikia kwa mbali, kwasababu ukiinama nyonga inazunguka mbele na uzito unahamia msambani.

Hapo ndo hii ya tatu inapoingia. Pua imekatwa fupi, na katikati kuna uwazi unaopitisha mkono, ona vidole vyangu vinatokea chini. Upana 155, imezidi kidogo ile hesabu yangu. Sponji yake ngumu, ukibonyeza kidole hakizami, na mwenzangu alipoishika akaiona kama ya kuumiza. Nimeinyonga masaa matatu mfululizo nikiwa nimeinama na sikupata ganzi. Makalio yalichoka ndio, uchovu wa kawaida wa misuli na mifupa, ila msamba uko hai. Kasoro yake ni moja, kingo za ule uwazi. Kwa wengine hizo kingo zenyewe zinabana, hasa uwazi ukiwa mpana sana, kwa hiyo kama unaweza kupata sehemu wanayokuruhusu kuijaribu siku kadhaa na kurudisha, ifanye.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile zisizo na pua kabisa. Mimi sina, ila Marekani taasisi yao ya usalama kazini, NIOSH, iliwapa polisi 90 wa kiume wa doria za baiskeli wazitumie miezi 6, matokeo yakatoka 2008: wasiopata ganzi walikuwa asilimia 27 kabla, baada yake 82. Hiyo ni tofauti kubwa mno. Cha kujua ni kwamba pua ya siti inakusaidia kuiongoza baiskeli kwa mapaja, ukiikosa lazima ujifunze upya, na mikono inabeba zaidi.

Sasa hata ununue ya bei gani, ukiifunga vibaya umepoteza. Chukua pimamaji ya fundi, laza ubao mwembamba juu ya siti, weka pimamaji. Anzia sawa kabisa, kama bado inabana shusha pua digrii moja au mbili tu. Pua ikitazama juu unajiumiza mwenyewe, ikishuka sana unateleza mbele, uzito wote unaenda mikononi na viganja ndo vinakufa ganzi. Urefu, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Siti ikiwa juu mno unayumba kulia kushoto na hapo ndo michubuko inapotoka. Ukipandisha bomba usivuke ule mstari wa mwisho uliochorwa. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati, uende safari mbili tatu ndo uguse kingine, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia. Kaptula yenye pedi ivaliwe bila chupi ndani, mishono ya chupi inachubua, na simama kwenye pedali sekunde kadhaa kila baada ya dakika kumi hivi damu ipite.

Na kama umeshuka masaa yamepita ganzi bado ipo, au inakurudia hata siku hupandi, usibadilishe siti tena, nenda kwa daktari umwambie wazi ni wapi, hii sehemu sio ya kuonea haya. Mimi hii ya 155 nairudisha kwenye baiskeli sasa hivi, alama ya utepe niliyobandika kwenye bomba iko palepale, nakaza bolti mbili hizi na alenki, ule ufunguo wa pembe sita, kidogo huku kidogo huku kwa zamu ili reli zisipinde.