Mazungumzo ya jumamosi pale Kamalondo: nyota nne, juu ya swali la maada na fahamu

Nawapa nyota nne juu ya tano, na ile moja nitasema mbele kwa nini nimeibakiza. Kama uko Lubumbashi na unapenda kukaa na watu wanaofikiri, nenda hii nyumba ya kusomea ya Kamalondo jumamosi mchana, unalipa falanga elfu mbili mlangoni, ndani yake mko chai, vitumbula na fotokopi ya kusoma, kisha unatafuta kiti. Siku niliyoenda mimi swali lilikuwa hili: chini kabisa ya kila kitu kuna nini, maada ao fahamu? Yaani vitu njo vya kwanza na akili imekuja nyuma, ao akili njo ya kwanza na vitu viko ndani yake?

Niliingia na wasiwasi, maana mazungumzo ya aina hii kwetu huwa yanaharibiwa na watu wawili, mmoja anasimama anaanza mahubiri, mwingine anamwaga majina ya wazungu mpaka watu wanalala. Wote wawili walikuwepo. Lakini yule mwalimu mzee anayeongoza (alifundisha filozofia sekondari miaka na miaka, sasa anapumzika) aliwarudisha kwa swali polepole bila kumuaibisha mtu, na hiyo peke yake inalipa zile elfu mbili.

Alianza na jiwe. Kipande cha malakiti, ukubwa wa ngumi ya mtoto, upande mmoja kimesuguliwa kinang'aa, miviringo ya kijani kilichofifia na kijani cheusi, upande mwingine bado udongo mwekundu umeshika. Kikapita mkono kwa mkono, baridi, kizito kuliko unavyodhani. Halafu akamuuliza papa mmoja aliyefanya kazi mine zamani: "Papa, hii kijani iko wapi? Mu jiwe ao mu kichwa yako?" Papa akajibu bila kusita, iko mu jiwe, mutoto wa Katanga yote anajua kijani ni alama ya shaba. Mwalimu akasema vizuri, tufuate njia yake basi: shaba iliyo ndani inameza mwanga mwekundu, unaobaki unarudi kwa jicho, mpaka hapo hakuna kijani, kuna mawimbi ya mwanga ya urefu fulani tu, jicho nalo linatuma umeme kwa ubongo, na umeme hauna rangi, sasa nionyesheni ni wapi hapo kijani kiliingilia. Chumba kilinyamaza, halafu watu wote wakaanza kuongea mara moja.

Hapo njo akaleta Galileo, mwanasayansi wa Italia, na hii sehemu naona wameifanya vizuri kuliko vitabu vingi. Mwaka 1623 Galileo aliandika kwamba rangi, ladha na harufu haviko ndani ya vitu, viko kwa yule anayehisi, ukimuondoa mwenye kuhisi vinafutika, ndani ya vitu vinabaki ukubwa, umbo, hesabu na mwendo. Kwa kufanya vile sayansi ya vitu ikapata njia ya kupima kila kitu, na imefaulu, hakuna wa kubisha, simu niliyoshika inatoka huko. Lakini basi tusishangae leo tukitafuta kijani, maumivu ao utamu wa chai ndani ya vile vipimo na kuvikosa, vilitolewa tangu mwanzo kwa makusudi. Ile hoja imenikaa kichwani mpaka leo. Mwanafilozofia David Chalmers mwaka 1995 aliliita swali hili, namna gani ubongo unazaa kuhisi, tatizo gumu, na mwaka 1998 akawekeana dau na Christof Koch, mtaalamu wa ubongo, Koch akisema ndani ya miaka 25 tutakuwa tumepata alama wazi ya fahamu ndani ya ubongo. Mwaka 2023 kule New York Koch alikubali kwamba bado na akalipa mvinyo wake. Haionyeshi kwamba haitapatikana kamwe, inaonyesha tu kwamba si jambo la kusema "sayansi imeisha kueleza".

Sasa upande wa maada haukuachwa uchi, na hilo nimelipenda sana. Walileta Phineas Gage, fundi wa Marekani aliyekuwa akishindilia baruti ndani ya mwamba mwaka 1848, baruti ikawaka na chuma cha zaidi ya metre moja, kilo kama sita, kikaingia chini ya shavu kikatokea juu ya kichwa. Mbele ya watu wa mine huna haja ya kueleza mara mbili, kila mmoja alishaona baramini, ile nondo ya chuma ya mine, na alishasikia mwamba ukilipuka kabla ya saa yake. Gage akapona, akaongea, akatembea, lakini rafiki zake wakasema huyu si Gage tena, mtu mtulivu amekuwa mtu wa matusi na asiyeshika neno lake. Kisha mama mmoja anfirmye, muuguzi wa hospitali, akasimama kuelezea ketamini, dawa ya kulaza mgonjwa kwa kupasuliwa, jinsi mgonjwa anabaki macho wazi, anapumua vizuri, na wewe unakata unashona, na yeye hayupo kwa maumivu yake. Akauliza: kama fahamu njo msingi wa dunia yote, mbona sindano moja inaiondoa kitandani na inairudisha kisha dakika chache?

Kijana mmoja akamjibu kwa ile ya redio, kwamba ubongo unapokea tu, ukivunja redio, stesheni iko palepale inaendelea kutangaza. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na nataka niliandike hapa maana muda wa kusema ulikuwa umeniishia: redio ikipasuka sauti inakwaruza ao inakatika, haijatokea kwamba mtangazaji mwenyewe anabadilika tabia, jana alikuwa mpole leo anatukana wasikilizaji. Kwa Gage ni tabia yenyewe iliguswa, mapendo yake, uvumilivu wake, mambo tunayosema ni ya ndani kabisa. Anayeshikilia kwamba fahamu njo msingi lazima alipe deni hilo na si kulipita na mfano wa redio. Vilevile yule aliyesoma kwa simu maneno ya mwanafizikia Max Planck ya mwaka 1931 kwamba fahamu njo ya msingi na maada inatoka kwake, ni kweli Planck alisema, na alikuwa na Nobel, lakini ukubwa wa mtu si hoja.

Sehemu ya kwetu ilikuja kisha chai. Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyeishi na Baluba hapa Katanga, alichapisha kitabu chake juu ya filozofia ya Kibantu hapahapa mjini mwaka 1945, wakati ungali Elisabethville, akisema kwa Mubantu kuweko kwenyewe ni nguvu, kila kitu ni nguvu. Mwaka uleule bomu la Hiroshima lililipuka na uranium ambayo kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, mine ya hapa Katanga, na kilichogeuka kuwa moto ule wote kilikuwa maada ya chini ya gramu moja. Unaona namna gani vijana walivyochangamka! Mmoja akasema basi wazee wetu walijua kabla ya Einstein, yule aliyesema maada inaweza kugeuka nguvu. Mwalimu hakumuachia, akamwambia nguvu ya fizikia ni hesabu unayopima kwa mashine, ile ya Tempels ni uhai unaoongezeka ao unaopungua kwa mtu na ukoo wake, usizifunge kamba moja kwa sababu zinafanana sura. Na dada mmoja akaongeza alichosema mwanafilozofia Paulin Hountondji wa Benin, kwamba huwezi kuwapa watu wote wa kabila filozofia moja kana kwamba hakuna hata mmoja aliyefikiri kivyake. Nilifurahi kusikia hilo likisemwa Lubumbashi na mtoto wa Lubumbashi.

Mimi nimetoka na msimamo na nitausema. Mwanafilozofia Mwingereza Bertrand Russell aliandika mwaka 1927 kwamba fizikia inatuambia namna vitu vinavyofanyiana, haituambii ndani vyenyewe ni nini, na kitu pekee tunachokijua kwa ndani ni kile tunachokihisi. Naona njo pale penye tumaini. Kusema "maada" kama jibu la mwisho ni kutaja kitu ambacho tumeshika upande wa nje tu. Lakini pia sikubali kwamba mawe yetu yanangoja mtu ayawaze, ile shaba ilikaa chini ya udongo huu mamia ya milioni ya miaka bila jicho la mtu. Kitu cha chini kinaweza kuwa kimoja, ambacho kwa nje tunakipima na kwa ndani, pengine mahali fulani tu, kinahisi. Lakini kama vipande vya maada vina kuhisi kudogo kwa ndani, namna kuhisi kule kungeungana kuwa mtu mmoja sijasikia aliyeeleza vizuri, na hapo pia pana deni.

Kilichonifanya nibakize nyota: fotokopi imekatwa pembeni, mistari ya barua ambayo binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia mwanafilozofia Mfaransa Descartes mwaka 1643 (akimuuliza roho isiyo na ukubwa inasukumaje mwili) ilikosa maneno mawili matatu kila mstari, na ile barua njo iliyokuwa kali kuliko zote. Kuranti ilikatika katikati, jenereta wameiweka chini ya dirisha, ukikaa nyuma husikii. Na Shankara, mwanafilozofia wa kale wa India, ambaye amefikiri juu ya fahamu kuwa msingi kabla ya hao wazungu wote kwa karne nyingi, alipewa dakika za mwisho watu wakiwa wameshashika mifuko, hapana, apewe jumamosi yake nzima.

Wanaanza saa nane kweli, si saa nane ya maneno. Wanafunzi wanalipa nusu. Viti vya mbele vinaisha upesi na kitabu wanakopesha juma moja ukiacha kitambulisho.