Seti ya fimbo 10 za gofu kwa anayeanzia Mtwara: inafaa, ila ipime kwanza

Ndani ya sanduku mna dreva (fimbo ndefu kuliko zote, ya pigo la mbali), wudi namba 3 (ya kichwa kinene), haibridi namba 5 (mseto wa wudi na chuma), chuma namba 6 hadi 9, weji ya pichi na weji ya mchanga (fimbo fupi za kuinua mpira juu), na pata (ya kusukumia mpira shimoni). Sheria za gofu zinaruhusu fimbo 14, kwa hiyo bado kuna nafasi ya nne, na anayeanza hazihitaji zote. Kwa mtu wa Mtwara anayetaka mkono wake utulie kabla ya kufunga safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda viwanja vya Dar es Salaam, seti hii inastahili kununuliwa. Ina kasoro mbili za maana, pengo kwenye weji na ubovu wa mishiko, na zote zinarekebishika.

Kagua urefu kwanza, kwa futi ya fundi. Chuma namba 7 ina inchi 37, namba 6 ina 37.5, namba 8 ina 36.5 na namba 9 ina 36. Hatua ya nusu inchi ndiyo inayotakiwa. Seti iliyookotezwa fimbo huku na huku hupoteza hatua hiyo, na mpigaji hulazimika kuinama upya kwa kila fimbo. Mazoezi ya miezi hayatamfikisha popote. Dreva ya hapa ina inchi 45, yaani inchi 8 zaidi ya namba 7, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani fimbo ndefu inataka swingi nyingine, yaani mzungusho mwingine wa fimbo, ya nguvu zaidi. Swingi ni ileile. Vinavyobadilika ni mahali pa mpira, upana wa miguu na umbali wako na mpira.

Kwa anayepiga kulia, weji inataka mpira katikati ya miguu, na miguu iwe imebanana kuliko mabega. Namba 7 inataka mpira usogee mbele ya katikati kwa upana wa mpira mmoja, kama sentimita 4, na miguu ilingane na mabega. Haibridi inataka mipira miwili mbele. Dreva inataka mpira mkabala na kisigino cha kushoto, miguu itanuke kupita mabega kidogo, bega la kulia liwe chini kuliko la kushoto, na tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, iinue mpira hadi nusu yake ionekane juu ya kichwa cha fimbo. Sababu ni kwamba chuma hukutana na mpira ikiwa bado inashuka, ndipo iguse ardhi, ilhali dreva hukutana nao ikiwa imeshaanza kupanda. Mikono ining'inie tu chini ya mabega. Kati ya ncha ya mshiko na paja ipite ngumi moja kwa namba 7, na karibu ngumi mbili kwa dreva. Ukiweka mpira wa namba 7 mahali pa dreva utachimba mchanga nyuma yake, au utaupiga utosini ubiringike.

Kipimo kizuri kuliko vyote kiko ufukwe wa Shangani, hapo hapo Mtwara, bure. Maji yakikupwa, mchanga unaobaki na unyevu unashika alama kama udongo wa mfinyanzi. Chora mstari wa mita 2 unaokatiza upande unaolenga, simama kana kwamba mpira uko juu ya mstari huo, kisha piga mara 10 kwa namba 7 bila mpira, ukisogea kidogo kufuata mstari kila mara. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari au mbele yake kidogo. Ikianzia nyuma, uzito wako umebaki mguu wa kulia. Rudia kwa namba 9, halafu namba 6. Alama zikianzia mahali pamoja kwa fimbo zote tatu, swingi imetulia. Tafadhali usipige mipira halisi pale: maji yakitoka kuna watu wanatafuta pweza na chaza, na mpira wa gofu ni mgumu, una karibu gramu 46. Wa sponji unatosha.

Kujua fimbo inagonga wapi, paka poda ya mtoto kwenye uso wake na upige mpira mmoja. Kujua kama fimbo inalala sawasawa chini, bandika utepe kwenye tumbo lake, yaani upande wa chini wa kichwa, na upige juu ya ubao. Alama ikielekea ncha ya fimbo, mpira huelekea kulia, na mara nyingi mpigaji ni mrefu kuliko fimbo ilivyokusudiwa. Ikielekea kisigino, mpira huenda kushoto.

Sasa kasoro. Kwa mlalo wa uso, unaoamua mpira upae kiasi gani, fimbo za chuma zinapishana digrii 4 hivi, kutoka 32 za namba 7 hadi 44 za weji ya pichi. Kisha seti inaruka hadi digrii 56 za weji ya mchanga. Pengo la digrii 12 ni kubwa mno, na hapo ndipo mtu huanza kupiga nusu nusu na kuharibu swingi aliyoijenga. Dawa ni weji moja ya digrii 50. Kabla ya kuipata, shika weji ya pichi inchi moja chini zaidi na upige kama kawaida. Weji ya mchanga yenyewe ni nzuri, tumbo lake pana halizami ovyo kwenye mchanga laini wa pwani.

Mishiko ni migumu na myembamba, na joto la Mtwara huifanya iteleze. Ioshe kwa sabuni na brashi. Ukishika kwa mkono wa kushoto, ncha za vidole viwili vya kati ziguse kiganja kidogo tu. Zikichimba, mshiko ni mwembamba. Kubadilisha si kazi: kata wa zamani, kwangua gundi, zungushia utepe wenye gundi pande mbili, ziba tundu la mshiko mpya, mimina tapentaini ndani, imwagie utepe wote, kisha usukume mshiko kwa mkupuo mmoja. Ukiibania tapentaini, mshiko utakwama njiani. Uache ukauke hadi kesho yake.

Chumvi ndiyo adui wa kudumu. Baada ya ufukweni, osha kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kausha, pangusa kwa mafuta ya cherehani. Usizifungie kwenye buti la gari juani, kwani joto hulegeza gundi inayoshika kichwa cha fimbo.

Pata ya inchi 34 haina neno. Dreva iweke kando miezi ya mwanzo, tumia wudi namba 3 juu ya tii fupi. Na muuzaji akikukatalia kupima kwa futi kabla ya kulipa, usinunue kwake.