Kutembea haraka au kunyanyua vyuma: kipi kinazuia kisukari?

Kutembea hakukuachii visingizio. Viatu tu, basi. Kipimo chake ni pumzi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo umefika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa mtu mzima. Moyo unaimarika, presha inashuka, na hata matembezi mafupi baada ya kula hupunguza sukari inayopanda kwenye damu.

Vyuma vina njia yao. Msuli ndio ghala kuu la sukari mwilini. Msuli unapojikunja, huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Umri ukisogea msuli hupungua, na kutembea peke yake hakuurudishi. Si lazima uende jimu (wala ulipie): kuchuchumaa na kusimama, au pushapu za ukutani, zinatosha kuanzia. Angalau siku 2 kwa wiki. Mwenye presha ya juu asibane pumzi anaponyanyua, maana kubana huipandisha ghafla.

Ukinilazimisha nichague, anayeanza nampa kutembea, kwa sababu ndiko atakakodumu nako. Aliyevuka miaka 50 na tayari anatembea, aongeze vyuma wiki hii hii. Ila hakuna kati ya hivyo kinachofuta soda za kila siku: utafiti wa Marekani wa 2002, uliopunguza kisukari kwa asilimia 58 kwa watu waliokuwa hatarini, uliunganisha dakika 150 za mazoezi kwa wiki na mlo wa kupunguza uzito.