Kijitabu cha majina nilichonunua Usita wa Mui: kizuri, lakini majina ya bibi zetu hayamo

Nimemaliza arobaini ya uzazi wiki iliyopita, na nataka kuandika habari za kijitabu kilichokaa chini ya mto wangu siku zote hizo. Ni kile chembamba chenye jalada la kijani, cha majina ya watoto wa Kiislamu, kinachouzwa katika duka la vitabu na misahafu hapa Lamu. Ukitoka Ngome ukishika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kwenda upande wa Langoni, hutembei sana. Mwenye duka ni mtu mzima, hana haraka. Nilimwambia, "Ami, nataka cha majina, lakini chenye maana zake." Akateremsha vitatu kutoka rafu ya juu, akapangusa vumbi, akaniacha nivifungue vyote nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, maana nilikuwa na tumbo la miezi saba na miguu imevimba. Nilichukua cha kijani kwa shilingi 200.

Nilikichagua kwa sababu moja. Kila jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu na irabu zake, kisha kwa herufi zetu, kisha maana kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeshajaribu programu ya simu, na ile ilinichosha. Inataka intaneti kila unapoifungua, matangazo yanaruka usoni, na majina yameandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, herufi mbili mbili, hadi jina la shangazi yangu nilipita juu yake bila kulijua. Kijitabu hakina hayo. Unaona kama jina lina sini au swadi, kama ni thaa au sini, na hapo unajua utaandika nini kwenye fomu. Hilo peke yake lina thamani ya shilingi 200.

Maana zake sasa. Nyingi ni sahihi: Aisha aliye hai, Maimuna mwenye baraka, Shamsa jua, Salma salama. Lakini mahali pengine mwandishi alichoka. Majina zaidi ya kumi yamepewa maana ya "jina zuri la mwanamke", na hiyo si maana. Kwa Thuraya ameandika "nyota" basi. Nilimsomea bavyaa, babake mume wangu, ambaye alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, akasema, "Si nyota yoyote hiyo, ni kilimia." Akanitolea na msemo wenyewe, kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Usiku ule nililiandika pembeni kwa kalamu, na tangu hapo nikawa naandika kila nilichoambiwa. Kijitabu changu leo kina wino wangu karibu kila ukurasa.

Kosa lililonigusa zaidi liko kwenye Khadija. Kijitabu kinasema maana yake ni "Mama wa Waumini". Hicho ni cheo cha Bibi Khadija, radhi za Mungu zimfikie, si maana ya jina. Mimi nisingejua, ila mwanangu alikuja wiki ya 34, usiku, kabla sijanunua hata nepi za kutosha. Kilo moja na nusu na kidogo juu yake. Siku nane nilikaa naye kifuani, ngozi kwa ngozi, nimemfunga kwa leso, kichwa chake kikiingia chote kwenye kiganja changu. Siku ya tatu akageuka manjano hata weupe wa macho, wakamweka chini ya taa. Mjomba wangu anayesomesha chuo cha Kurani alipokuja kutuona aliuliza tumefikiria jina gani. Nikamwambia bado, ila napenda Khadija na sijui kwa nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema asili ya neno hilo kwa Kiarabu ni aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Nililia. Jina nililokuwa nikilipenda tangu mimba ndilo lililokuwa jina lake kweli, na kijitabu kilikuwa nalo mkononi mwangu kikashindwa kuniambia.

Tena hapa kwetu ni jina lenye kiti. Mwana Khadija alitawala Pate karne ya 18.

Jina la pili ndipo kijitabu kiliponiangusha kabisa. Najua wengi wetu hatuna jina la pili la kuchagua. Mtoto anaitwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, imekwisha. Lakini mimi na mume wangu tulitaka aongezewe moja lake mwenyewe kabla ya la baba, na tulitaka liwe la huku. Nikafungua herufi M. Maryam, Maimuna, Munira, Mariam tena kwa tahajia nyingine. Hakuna Mwanaesha, hakuna Mwanahawa, hakuna Mwanajuma wala Mwanakhamisi. Kwenye B hakuna Bimkubwa. Mavyaa, mamake mume wangu, alivaa miwani yake, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mamangu hakuwa Mwislamu?"

Swali lile sijalisahau. Majina haya yameitwa katika nyumba za Lamu, Pate, Siu na Faza kwa vizazi. Mwana ni heshima, ni kama kusema bibi. Mwanaesha ni Aisha yule yule aliyekaribishwa ndani akavuliwa viatu. Mwandishi wa kitabu kinachouzwa katika mji huu, kwa lugha hii, angeuliza bibi mmoja tu barazani angepata ukurasa mzima.

Basi tukafanya kazi hiyo wenyewe. Mavyaa alikaa kitandani kwangu jioni mbili, mtoto katikati, akawa anataja na mimi naandika kwenye kurasa tupu za mwisho. Tulifika majina 31. Alipotaja Mwanakupona akasita, akamtazama mtoto, ambaye umanjano ulikuwa umeanza kumtoka, akasema, "Huyu si amepona?" Ndipo akanisimulia Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyekuwa mgonjwa mwaka 1858 akamtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa kumuusia. Nilisomeshwa habari zake skuli, lakini sikuwahi kuzisikia nikiwa na binti yangu mwenyewe pajani.

Khadija Mwanakupona. Aliyekuja kabla ya wakati, akapona.

Tahajia nawasisitizia mama wenzangu, na hapa kijitabu kingeongeza nusu ukurasa kingesaidia watu wengi. Mimi naitwa Mwanaesha. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, cha skuli kinasema Mwana Esha, maneno mawili, na karani wa ofisi moja akaliona Esha kuwa jina la babangu. Niliapa hati ya kiapo, nililipa, nilipanda boti na basi mara mbili kwa sababu ya nafasi moja kati ya herufi mbili. Kwa hiyo Mwanakupona tumeliandika neno moja, nami nilisimama pale dirisha la kuandikishia uzazi nikamsomea karani herufi moja moja, na sikuondoka hadi aliponionyesha alichoandika. Uzazi unatakiwa uandikishwe ndani ya miezi 6. Na ukishaandikisha ukaona jina lina kasoro, sheria inakupa miaka 2 ya kulirekebisha kwenye daftari. Usingoje mtoto aanze skuli.

Akika tulifanya siku ya 21, maana ya saba ilitukuta hospitali. Mbuzi mmoja, wali, na jirani wote wa mtaa. Nywele zake zilikuwa chache mno. Sonara alizipima kwa mizani yake ya dhahabu, akazuia pumzi zisije zikapeperuka, na sadaka ya fedha iliyotoka tukaizidisha mara kumi. Kisha mavyaa akapanda darini, akaita kuelekea uchochoroni kama atakavyomwita siku akicheza mbali: "Khadija! Ndoo!" yaani njoo. Jirani wa nyumba ya nyuma akaitika kwa vigelegele. Punda wawili walikuwa wanapita na mawe, na jina lilisikika juu yao. Ndani ya nyumba wameshaanza kumwita Dija.

Juzi nilirudi dukani na mtoto mgongoni. Sikwenda kulalamika, nilikwenda kumwonyesha Ami kurasa zangu za mwisho. Alizisoma zote, akanikosoa mahali pawili, akaongeza Mwanamize kwa mkono wake, jina la dadake marehemu. Kisha akaniomba ruhusa, akaenda duka la jirani lenye mashine ya kutoa nakala. Vilibaki vijitabu saba kwenye rafu. Kwa hiyo ukinunua sasa, fungua jalada la nyuma kwanza: utakuta karatasi mbili zimebanwa kwa pini, zimeandikwa kwa mkono, majina 32. Bei bado ni shilingi 200, na duka hufungwa adhuhuri hadi baada ya alasiri.