Sweetlix Meat Maker 16:8 kwa mbuzi wafupi: je, inafaa kununuliwa?

Jina la bidhaa hii limewapotosha wafugaji wengi wa mbuzi wa maziwa, ambao husoma neno la nyama kwenye mfuko wakadhani ni chakula cha kunenepesha mbuzi wa Boer wanaoelekea machinjioni. Kumbe Sweetlix Meat Maker ni madini ya unga tu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbuzi wa kila aina, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa michanganyiko bora inayopatikana katika maduka ya mifugo ya Marekani kwa mtu anayefuga mbuzi wafupi wa Nigerian Dwarf. Mbuzi hawa, wenye asili ya Afrika Magharibi, hawavuki kimo cha sentimita 60, na wengi wao wakikomaa huwa na uzito wa kilo 34 hivi. Hata hivyo, jike mmoja aweza kuzaa watoto watatu au wanne kwa mkupuo na kutoa maziwa yenye mafuta ya takriban asilimia 6, kazi ambayo nyasi kavu peke yake haiwezi kuikidhi.

Nambari 16:8 inahusu kalsiamu na fosforasi, yaani sehemu mbili za kalsiamu kwa sehemu moja ya fosforasi. Uwiano huo una umuhimu mkubwa kwa madume waliohasiwa, kwa sababu nafaka ikizidi katika lishe yao, fosforasi hupanda na vijiwe hujengeka katika njia ya mkojo, na mbuzi aliyeziba mkojo anaweza kufa haraka sana. Kwa majike wanaokamuliwa na kulishwa alfalfa, yaani majani ya malisho ya jamii ya mikunde, hali ni tofauti, maana alfalfa tayari imejaa kalsiamu, na kinachohitajika hasa kutoka katika mfuko huu ni fosforasi yake pamoja na madini yanayotakiwa kwa kiasi kidogo.

Katika madini hayo ya kiasi kidogo ndipo bidhaa hii inapojipatia sifa. Lebo inaonyesha shaba ya takriban miligramu 1,750 kwa kila kilo. Mbuzi mfupi anayelamba gramu 7 kwa siku, ambacho ni kiwango cha chini katika maelekezo ya matumizi, atapata miligramu 12 za shaba. Nyasi kavu anazokula, yapata kilo moja kwa siku, humwongezea nyingine 5 hadi 8, kwa hiyo jumla inakaribia kile ambacho mwili wake unahitaji. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niiweke bidhaa hii mbele ya mifuko iliyoandikwa kuwa ni ya kondoo na mbuzi kwa pamoja. Kondoo hufa kwa sumu ya shaba kwa kiwango ambacho mbuzi hakimdhuru, hivyo mtengenezaji anayetaka kuwauzia wafugaji wa wanyama wote wawili huiacha shaba kabisa, na anayepata hasara ni mbuzi. Kwa sababu iyo hiyo, mwenye kondoo na mbuzi katika zizi moja asiinunue Meat Maker mpaka awe na njia ya uhakika ya kuwatenga wakati wa kulamba.

Dalili za upungufu wa shaba zinajulikana kwa macho: manyoya meusi hugeuka kuwa mekundu kama yaliyounguzwa na jua, ncha ya mkia hupoteza manyoya na kuonekana kama mkia wa samaki, na watoto wanaweza kuzaliwa na miguu ya nyuma iliyo dhaifu. Ni lazima niseme wazi kwamba dalili hizi zinaweza kuonekana hata pale ambapo madini yanapatikana muda wote. Huku katika jimbo la Michigan visima vingi hutoa maji yenye chuma, na chuma, salfa na molibdeni huizuia shaba isifyonzwe mwilini. Katika hali hiyo mfuko huu hautoshi, na wafugaji huongeza vidonge vya nyuzi za oksidi ya shaba, kama vile Copasure, kwa kipimo kilichozoeleka cha gramu 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Nyuzi hizo zimefanyiwa utafiti pia katika kituo cha serikali kilichopo Booneville, Arkansas, dhidi ya minyoo ya Haemonchus inayonyonya damu tumboni. Shaba ikizidi hukusanyika katika ini, kwa hiyo mbuzi apimwe kwanza kwa mizani badala ya kukadiriwa kwa jicho, hasa hawa wafupi ambao manyoya yao ya baridi huwafanya waonekane wazito kuliko walivyo.

Seleni nayo ipo, miligramu 50 kwa kilo, jambo la maana katika majimbo ya ukanda wa Maziwa Makuu ya Marekani ambako udongo una upungufu wake. Zinki ni nyingi na inatosha.

Msomaji aliyekulia Arusha au Kajiado atauliza kwa nini asiwape mbuzi magadi, kama walivyofanya wazee. Magadi ya Natron na ya Ziwa Magadi ni chumvi ya sodiamu. Mbuzi huipenda, lakini haiwezi kuziba pengo la shaba wala la fosforasi, na fluoridi yake huwa kubwa. Mawe mekundu ya chumvi yanayouzwa kwa bei nafuu nayo siyashauri. Yametengenezwa kwa ulimi mpana na wenye kukwaruza wa ng'ombe, ilhali mbuzi mfupi atalilamba jiwe siku nzima bila kupata hata nusu ya kinachotakiwa, na jiwe hilo likiwekwa karibu na unga huu atajishibisha chumvi hapo na kuuacha unga wenyewe.

Kasoro ninazoziona ni za matumizi zaidi kuliko za mchanganyiko. Unga hushika unyevu, na ukishaganda mbuzi huukataa. Huukataa pia ukiingiwa na kinyesi, na mnyama huyu ana kipaji cha kupanda juu ya kila kihori kilichowekwa chini ya kiwango cha mgongo wake. Chombo kifungwe ukutani ndani ya banda, kijazwe kidogo kidogo. Ukubwa wa mfuko ni suala jingine. Mfuko mdogo una ratili 25, zaidi kidogo ya kilo 11, ambao kwa mbuzi sita wanaolamba gramu 7 kila mmoja utadumu takriban miezi tisa. Mwenye mbuzi wawili tu atakaa nao zaidi ya miaka miwili, na vitamini A na E zilizomo zitakuwa zimepungua nguvu kabla haujafika nusu. Mtu huyo afadhali agawane mfuko mmoja na jirani anayefuga, au atafute mchanganyiko wa mbuzi unaouzwa katika pakiti ndogo, ilimradi lebo yake ionyeshe shaba na isiwe na picha ya kondoo.