Maji ya vifaranga wa mbuna: nunua nini kwanza, nini ukiache dukani

Mbuna ni samaki wa Ziwa Nyasa, na jike lake hutunza mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu. Akishatema vifaranga, kazi inakuhamia wewe: wanataka kula mara nne au tano kwa siku, na kila chakula kinaishia kuwa amonia. Ubaya ni kwamba samaki hawa wanataka maji ya pH 7.8 hadi 8.6, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi makali. Kwenye joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 yana amonia yenye sumu chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, na kwenye 8.5 ni kama 15. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja tu: kifaa kinachoyafanya maji yabaki yalivyo kinatangulia kile kinachoyabadilisha.

1. Filta ya sponji na pampu ya hewa

Hii ndiyo ya kwanza, na hata kwa bei haina mpinzani. Filta kubwa zenye mota huvuta vifaranga wakaishia ndani. Sponji haimdhuru hata mdogo kabisa. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, wanaishi kwenye vitundu vyake, na vifaranga hushinda wakidonoa vijidudu juu yake.

Lakini sponji mpya haina bakteria. Kuwakuza kutoka sifuri huchukua wiki tatu hadi sita, muda ambao vifaranga hawana. Inunue mapema, iweke kwenye tangi la wazazi, kisha uihamishe pamoja na watoto. Ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Yatatoka ya kahawia kama chai ya rangi. Ikamue kidogo tu, basi. Ukiipeleka bombani, klorini inaua ulichokikuza.

Kuhusu pampu, chukua inayotumia betri pia, au ile ya kuchaji inayojiwasha umeme ukikatika. Usisahau valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Umeme ukienda, maji hushuka kwenye mpira hadi kwenye pampu iliyo chini ya meza, na sokoni valvu hiyo ni kitu cha bei ya soda.

2. Vipimo vya matone

Kati ya vipimo vya matone na vile vya karatasi, nunua vya matone. Karatasi ni rahisi na haraka, ila nyingi hazipimi amonia kabisa, na kopo likishafunguliwa unyevu wa pwani huziharibu. Seti ya kampuni ya API ya maji baridi inapatikana kwa wauzaji wengi na ina pH ya chini, pH ya juu, amonia, naitraiti na naitreti. Angalia kisanduku vizuri: kipimo cha KH (kiasi cha kabonati majini) hakimo, kinauzwa peke yake. Kinunue. KH ndiyo akiba ya maji dhidi ya tindikali, na bakteria wa sponji wanaila kila siku wanapofanya kazi. Ikiisha, pH inaporomoka usiku mmoja.

Soma rangi mchana, kichupa kikiwa mbele ya karatasi nyeupe. Chini ya taa ya njano kila kitu kinaonekana salama. Chupa ya pili ya naitreti itikise kwa nguvu sekunde 30, la sivyo itakudanganya kwamba hakuna kitu.

3. Dawa ya kuondoa klorini

Maji ya bomba ukiyaacha ndooni wazi siku nzima, klorini hutoka yenyewe. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki hivyo. Kwa tangi unalobadilisha asilimia 10 ya maji kila siku, chupa moja ya dawa inakaa muda mrefu: Seachem Prime, kwa mfano, ni mililita 5 kwa lita 200. Nunua na bomba la sindano la kupimia. Wenye visima wanaweza kuiruka, ila wapime chumvi kwanza. Visima vya karibu na bahari vina tabia zake.

4. Chanzo cha KH

Hapa usitoe pesa nyingi. Kokoto za matumbawe ya kale, zile zile za ujenzi wa pwani, zioshe na uzitie kwenye soksi karibu na sponji. Ukizidondoshea siki zikatoa povu, ni zenyewe. Matumbawe hai yaache baharini. Kwa marekebisho ya haraka, gramu 3 za beking soda kwa lita 100 zinapandisha KH kama digrii 1. Lenga 6 hadi 8, polepole. Si beking pauda, na si magadi ya kulainishia maharage, ambayo hupandisha pH kwa kishindo.

5. Hita

Arusha, Mbeya au Nairobi, lazima. Dar na Mombasa, kipimajoto kinatosha miezi mingi.

6. Bakteria wa chupa

Wapo wazuri, lakini ni viumbe hai waliosafiri kwenye kontena la moto wakakaa rafuni bila kujulikana tangu lini. Anayefuga jirani yako akikupa kipande cha sponji chafu, na samaki wake ni wazima, umeshinda.

7. Chupa za kushusha au kupandisha pH

Sizipendekezi kabisa. Tindikali inakula KH, pH inashuka, kisha kokoto zinairudisha, nawe unatia tena. Kifaranga anavumilia 8.0 ya siku zote kuliko 7.4 asubuhi na 8.2 jioni. Hela hiyo nunulia sponji ya pili, uitie leo kwenye tangi la wazazi. Jike mwingine huenda tayari amejaza mdomo.